Unyevu Usio na Kibali

Hapakuwa na nchi, na kama ilikuwapo basi haikuwa hii yetu wala ya jirani zetu, iliyoitwa Shibeni. Watu wake walitawaliwa kwa upole na Mnyweshaji Mkuu wa Taifa, ambaye picha yake, akiwa ameshika kopo la kumwagilia maua, ilitundikwa katika kila ofisi, hata zile zisizo na bomba. Chini yake ilikuwapo Wizara ya Maji Yanayoonekana na Yasiyoonekana. Yanayoonekana yalikuwa machache, kwa hiyo Wizara ilielekeza nguvu zake nyingi kwa yale mengine.

Maji yasiyoonekana ni yale yaliyomo ndani ya udongo. Waraka Namba Tisa uliyagawa mafungu mawili. Kulikuwa na unyevu wa Serikali, uliotokana na umwagiliaji, na unyevu wa Mungu, uliotokana na mvua. Unyevu wa Serikali haukuwa na ukomo. Unyevu wa Mungu ulipewa siku kumi na nne tangu mvua iliponyesha mara ya mwisho. Udongo wowote uliokutwa na majimaji siku ya kumi na tano bila kibali ulihesabiwa kuwa umeiba. Wakulima wanaotegemea mvua waliulizwa kama wana maoni, wakasema hawana, maana aliyewauliza alikuja na askari.

Katika bonde la Mizumbwe palikuwa na Shamba la Taifa la Mfano, na ndani yake alifanya kazi Tadeo Malisawa, Mpima Unyevu Daraja la Pili. Kwenye ramani shamba hilo lilikuwa na ekari mia tisa. Kwenye ardhi lilikuwa na ekari tatu za mahindi, zile zinazoonekana kutoka barabarani. Pampu yake ilikuwa imezinduliwa mara nne, kila mara kwa utepe mpya na rangi mpya, lakini ilikuwa haijawahi kuwaka, kwa sababu bomba liliishia hatua mia mbili kabla ya mto. Wizara ilikuwa imeuandikia mto barua na ilikuwa ikisubiri majibu.

Tadeo alikabidhiwa kipimo cha betri, na betri ikafa wiki ya kwanza. Aliandika kuomba nyingine. Akajibiwa kwamba kiwango cha Taifa cha unyevu ni thelathini na moja kwa mia, na atumie hicho mpaka betri ifike. Kwa miaka miwili, kila asubuhi, alifungua kitabu kikubwa chenye jalada la kijani akaandika thelathini na moja. Mwanzoni mkono ulisita. Baadaye ukazoea.

Aliyemfundisha kupima kweli alikuwa jirani, Bi Nyamizi Luhende, mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye wajukuu wanne na ekari mbili na nusu za mtama juu ya kilima, moja kwa moja juu ya mahindi ya Serikali. Siku moja alimkuta Tadeo akikitikisa kile kipimo karibu na sikio.

"Mwanangu, hicho kimekwisha kufa," alimwambia. "Lete mkono."

Akachimba kidogo, akamjazia kiganja udongo wa chini, akamwambia afumbe ngumi kwa nguvu, kisha afumbue. Ukiwa donge na alama za vidole zimebaki, mmea una maji. Ukivunjika vipandevipande, mmea umeanza kulalamika. Ukimwagika vumbi, usipoteze muda wako. Tadeo aliteremka mbio akaujaribu udongo wa Serikali. Ukawa donge zuri, na vidole vyake vyote vinne vikaonekana. Alifurahi karibu alie, maana kumbe kitabu chake hakikuwa cha uongo. Maji hayo yalitoka wapi, hilo hakuuliza. Katika utumishi wa Shibeni, mtu aliyepata jibu analolitaka hakuwa na desturi ya kuendelea na maswali.

Hayo yalikuwa mambo ya amani. Kisha ikatangazwa kwamba Mnyweshaji Mkuu mwenyewe angekuja Mizumbwe baada ya siku kumi, kuyaona mahindi.

Aliyetumwa kuandaa mapokezi alikuwa Mkurugenzi wa Unyevu, Dokta Leokadi Mbwilo, mtu mnene mwenye viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukanyaga kile anachokiongoza. Alisimama kwenye zulia dogo alilotandikiwa ukingoni mwa shamba, akayatazama mahindi, akaridhika. Kisha macho yake yakapanda kilimani, na uso ukabadilika.

"Ule mtama ni wa nani?"

"Wa Bi Nyamizi Luhende, mheshimiwa. Anategemea mvua."

"Mvua imenyesha lini mara ya mwisho?"

"Siku thelathini na tatu zilizopita."

Dokta alihesabu kwa vidole, akaazima na vya dereva wake. "Thelathini na tatu, toa kumi na nne. Siku kumi na tisa mama huyu anakunywa maji ya Taifa, na wewe unamtazama!"

"Lakini mheshimiwa, shamba lake liko juu yetu. Maji yatapandaje?"

"Bwana Malisawa," Dokta alisema polepole, "unataka kuniambia maji ya Serikali yameshindwa kupanda kilima kidogo kama kile?"

 Tadeo akajibu kwamba hapana, hakuna alichotaka kusema.

Alasiri ileile udongo wa Bi Nyamizi ulikamatwa. Ulitiwa katika kopo la maziwa ya unga, ukapigwa lakiri, ukakabidhiwa kwa Koplo Nassibu, ambaye aliulinda kwa bunduki. Bi Nyamizi alisomewa kwamba anashtakiwa pamoja nao. Adhabu ya kosa hilo ilijulikana na kila mtu: mazao hung'olewa na mizizi yake huchukuliwa kuwa kielelezo. Mtama ule ulikuwa umebakiza wiki mbili tu uvunwe. Ndicho chakula cha nyumba ile mpaka mwaka mwingine, na hakukuwa na kingine, kwa sababu mwaka uliopita gari la maandalizi ya uzinduzi wa nne wa pampu liligeuzia ndani ya shamba lake.

*

Mahakama ilikaa kesho yake pale pale mpakani, chini ya turubai. Hakimu Ponsiano alikuja na kiti chake na mto wa kukalia. Shughuli ilichelewa kidogo, kwa sababu kopo lilipofunguliwa ilionekana kuwa mshtakiwa wa kwanza amekauka kwa joto la kituo cha polisi. Hakimu aliuliza kama yuko katika hali ya kusimama kizimbani. Dokta Mbwilo, aliyekuwa pia mwendesha mashtaka, akaagiza udongo upewe huduma ya kwanza. Koplo akaumiminia kikombe cha maji.

"Sasa uko katika hali ileile uliyokamatwa nayo," Dokta alieleza, na hakimu akaandika.

Udongo uliulizwa mara tatu kama unakubali au unakataa shitaka. "Mshtakiwa amekaa kimya," hakimu alisema. "Mahakama inachukua kuwa ni jeuri."

Bi Nyamizi alipoitwa alisimama wima, khanga yake ameifunga kiunoni, kama mtu aliyekatizwa palizi.

"Mheshimiwa hakimu, maji haya niliyapokea mimi mwenyewe. Mvua ilikuja kwa kishindo, ikapita mashambani kwa watu wote ikakimbilia barabarani. Kwangu ilikuta matuta nimeyafunga huku na huku, haikupata pa kutokea, ikazama. Juu yake nikatandika mabua, jua lisiifikie. Sasa mtama unakunywa kidogokidogo. Ni hayo tu, baba."

"Kwa hiyo unakiri kwamba uliyaficha maji."

"Niliyatunza."

"Karani, andika ameyaficha."

Ndipo akaitwa Tadeo. Alikwenda na kitabu chake kifuani. Dokta alimwuliza kipimo cha shamba la Serikali kwa siku zote kumi na tisa za wizi, naye akasema thelathini na moja. Kila siku? Kila siku. Hakimu aliinua kichwa. Hata yeye, pamoja na mto wake, aliona tatizo.

"Kama maji yaliibwa, mbona hayakupungua?"

"Huo ndio ukubwa wa Serikali yetu, mheshimiwa!" Dokta alipaza sauti. "Inaibiwa na haipungui!"

Watu walipiga makofi, kwa kuwa Koplo alikuwa akiwatazama. Bi Nyamizi peke yake hakupiga. Alikuwa amemkazia macho Tadeo, bila hasira, akingoja. Hakuna mtu aliyejua vizuri zaidi ya hao wawili kwamba pampu haijawahi kutoa hata tone, na kwamba sentensi moja tu ingemaliza kesi. Lakini sentensi hiyo ingemaliza na Tadeo: miaka miwili ya kitabu, na Waraka Namba Moja kuhusu kuyavunjia heshima maji ya Taifa, kifungo miaka saba. Akainamisha macho kwenye viatu vyake. Aliona aibu iliyomchoma hadi masikioni, na bado hakusema.

Hukumu ilisomwa kwa dakika arobaini. Kwa kifupi, lichimbwe handaki baina ya mashamba mawili, kina chake kifike mabegani mwa mtu, ili unyevu wa Serikali usiweze tena kuvuka. Handaki likamilike ndani ya siku mbili, kisha zihesabiwe siku saba. Mtama ukinyauka, itakuwa umethibitika kuishi kwa maji ya wizi, na utang'olewa mbele ya Mnyweshaji Mkuu. Usiponyauka, mahakama itatafuta sababu nyingine.

"Chimbeni," Bi Nyamizi alisema. "Hata mimi nitashika jembe."

*

Walichimba kijiji kizima. Siku ya kwanza udongo ulikuwa udongo tu. Siku ya pili, walipofika kiunoni, majembe yaligonga tabaka gumu, jeupe, lililolala kwa mteremko chini ya kilima chote. Hapo wachimbaji wakaanza kutazamana. Ukuta wa juu, upande wa Bi Nyamizi, ulikuwa unatoa jasho. Matone madogo yalijitokeza pale tabaka lilipoanzia, yakakua, yakashuka, na baada ya saa moja watu walikuwa wamesimama katika tope. Ukuta wa chini, upande wa Serikali, haukutoa kitu.

 Koplo Nassibu aliyekuwa akisimamia alitoa kofia, akaivaa, akaangalia upande mwingine.

Tadeo alishuka handakini. Aliweka kiganja cha kulia kwenye ukuta wa juu na cha kushoto kwenye ukuta wa chini, akaelewa mambo yote mara moja. Mvua ya Bi Nyamizi, iliyofungwa na matuta na kufunikwa kwa mabua, ilikuwa inazama mpaka kwenye lile tabaka, kisha inatelemka juu yake taratibu, wiki kwa wiki, mpaka kwenye mizizi ya mahindi ya Serikali. Miaka miwili mama yule alikuwa akilimwagilia Taifa.

"Mama, ulijua?" alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu mwaka juzi. Maji yakishanitosha yanatelemka, nitayazuia ya nini? Nikasema acha na wao wale."

"Sasa mbona hukusema mahakamani?"

Bi Nyamizi alipangusa tope kwenye mpini wa jembe. "Pale aliyeulizwa habari za shamba la Serikali ulikuwa wewe, mwanangu."

 Tadeo alipanda juu, akaenda ofisini, akafungua kitabu akaandika thelathini na moja.

*

Siku ya kwanza na ya pili baada ya handaki mahindi yalisimama vizuri. Siku ya tatu saa tano asubuhi majani yalianza kujikunja, na jioni hayakukunjuka. Tadeo alifumba ngumi ya udongo, akafumbua, ukavunjika vipandevipande. Akalitazama jua, akaitazama pampu iliyopakwa rangi, akachukua baiskeli ya shangazi yake na madumu mawili akaenda mtoni. Alifanya safari kumi na moja siku hiyo. Udongo uliyapokea maji ukayameza kabla hajaweka dumu chini. Siku ya nne alifanya safari kumi na nne, akafanikiwa kuokoa mstari mmoja, ule wa karibu na barabara. Siku ya tano ncha za majani ziliungua, na ule mstari nao ukakata tamaa.

Kule juu mtama haukushtuka. Masuke yalikuwa yanazidi kuwa mekundu, yameinama kwa uzito.

Dokta Mbwilo aliwasili siku ya sita, wakati zimebaki saa ishirini ziara ifike. Alikanyaga zulia lake, akayatazama mahindi.

"Kitabu kinasemaje?"

"Thelathini na moja, mheshimiwa."

"Basi mahindi yana maji." Alivuta pumzi ya faraja. "Yana maji, ila yanajifanya. Huu ni mgomo."

Akayahutubia. Aliyakumbusha mahindi gharama ambazo Taifa limeingia kwa ajili yao, akayataja mafanikio tangu uzinduzi wa kwanza hadi wa nne, akayaonya dhidi ya kutumiwa na watu wasioitakia mema Shibeni, kisha akayapa mpaka saa nane mchana yawe yamekunjua majani. Saa nane ilipofika yalikuwa yamejikunja zaidi. Koplo aliagizwa aandike majina ya viongozi wa mgomo, akasimama mbele ya mistari na daftari lake, asijue aanzie wapi.

Hapo Dokta alipata wazo, na Tadeo aliliona wazo hilo likiingia, kwa sababu Dokta aligeuka akautazama mtama.

"Kesho saa mbili asubuhi," alisema, "nitaleta vijana hamsini na sepetu. Watauhamisha ule mtama wote uje hapa, na mizizi yake. Mgeni wetu hatajali ni mahindi au mtama, mradi uwe kijani."

"Mheshimiwa, mtama wenye masuke ukihamishwa utakufa!"

"Utakufa baada ya muda gani?"

"Siku mbili. Tatu."

"Mgeni wetu anaondoka saa sita mchana," Dokta alisema, akamkabidhi karatasi. Shibeni ilikuwa nchi ya sheria. Sepetu haingeweza kuingia shamba la raia mpaka Mpima Unyevu athibitishe kwa sahihi yake kwamba maji yaliyomo katika mmea ule ni mali ya Serikali. "Utaisaini kesho mbele yangu. Na vaa shati safi."

*

Asubuhi Tadeo alivaa shati safi. Vijana hamsini walikuwa wamejipanga kando ya handaki, sepetu begani. Upande wa pili, juu ya tuta la kwanza, alisimama Bi Nyamizi na wajukuu wake wanne, mikono mitupu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Shikamoo sijaisikia leo, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Dokta alimpa kalamu. Tadeo aliishika.  Aliutazama ule mtama uliobakiza siku chache, akawatazama wale wajukuu, akapima miaka saba ya jela kama anavyopima udongo, akaona kweli ni mizito. Barabarani vumbi likapanda na ving'ora vikasikika. Msafara ulikuwa umewahi nusu saa.

"Saini!" Dokta alimnong'oneza. "Saini, ee mtu wewe, tutakufa wote!"

"Siwezi," Tadeo alisema.

"Nini?"

"Maji hayo si ya Serikali, mheshimiwa. Siwezi kusaini."

Milango ya magari ilikuwa imeshafunguka. Mnyweshaji Mkuu wa Taifa alikuwa mzee mfupi, mwenye sauti ndogo na kopo lake mkononi, naye alikuja moja kwa moja pale penye mabishano, kwa kuwa kila mahali pengine alipokwenda watu walikuwa wakiimba tu.

"Kuna nini?" aliuliza.

 Tadeo alipiga magoti, akachimba udongo wa Serikali, akafumba ngumi, akafumbua. Vumbi likaruka likatua kwenye viatu vya Mkuu. Akavuka handaki, akachimba chini ya mabua ya Bi Nyamizi, akafumba, akafumbua, akarudi amelishika lile donge kwa mikono miwili.

"Pampu haijawahi kuwaka, mtukufu," alisema. "Hata siku moja. Namba za kitabuni nimeziandika mimi bila kupima. Maji yalikuwa yanatoka kwa mama huyu, yanapita chini, yanakuja kwetu. Tulipochimba handaki tulijikatia maji wenyewe."

 Vijana wote hamsini waliteremsha sepetu kwa wakati mmoja. Mnyweshaji Mkuu alilichukua lile donge, akazitazama alama za vidole.

"Kitabu kiliandika ngapi?"

"Thelathini na moja, mtukufu."

"Na kabla ya handaki, udongo wetu ulikuwa na kiasi gani?"

Tadeo alifikiri. "Kwa mkono wangu… kiasi hichohicho."

"Basi kosa liko wapi?" Mkuu aliuliza, akacheka, na msafara wote ukacheka. Tadeo alibaki amepiga magoti, machozi yakimtoka, asijue kama amesamehewa au hakusikika.

Kisha Mkuu akamgeukia Bi Nyamizi, akasema maneno yaliyonukuliwa baadaye kwenye kalenda za Wizara. "Mama, umetunywesha bila kuombwa. Taifa haliwezi kuacha hazina kama hii mikononi mwa mtu mmoja. Kuanzia leo, kilima hiki ni Chanzo cha Maji cha Taifa."

Makofi yalipigwa mpaka kilima kikaitikia.

"Ahsante, baba," Bi Nyamizi alisema. "Na mtama wangu?"

Dokta Mbwilo alikuwa ameanza kurudiwa na rangi usoni. Alikohoa, akasoma Waraka Namba Nne kwa kichwa: hakuna mtu atakayelima, kuvuna wala kukanyaga ndani ya hatua mia moja za chanzo cha maji. Kwa miaka yote aliyolima ndani ya chanzo, mama angesamehewa, kwa huruma ya Mkuu. Uzio ungejengwa mara tu Mpima atakapowasilisha kipimo cha ufunguzi.

"Malisawa, toa kipimo," alisema. "Si unaijua namba?"

Tadeo aliinuka, akajipangusa magoti. Alikuwa amemaliza woga wote aliokuwa nao, na mtu aliyemaliza woga hugundua kwamba anazikumbuka nyaraka vizuri sana.

"Chanzo cha Taifa hakipimwi kwa kukisia, mheshimiwa. Waraka Namba Sita unataka sampuli. Udongo wa kila shina, pamoja na kilichoota juu yake."

"Ngapi?"

"Waraka hausemi."

Dokta aliangalia upande wa Mkuu. "Chukua nyingi," alisema haraka. "Tusije tukalaumiwa."

Tadeo alichukua sampuli kwa siku nne, na hakuna mtumishi wa Shibeni aliyewahi kufanya kazi kwa uangalifu kama huo. Kijiji kizima kiliajiriwa kumsaidia, wakiwa na visu na matenga. Koplo Nassibu, bunduki mgongoni, alisimama mlangoni mwa shamba akihesabu kwa sauti, tenga kwa tenga, na kila mara Dokta alipopiga simu kuuliza kama kipimo kimepatikana aliambiwa bado tunapima. Jioni ya siku ya nne lilikatwa suke la mwisho. Sampuli zote zilipelekwa katika ghala la muda, nyumbani kwa Bi Nyamizi Luhende, ambako ziliendelea kuchunguzwa, mlo kwa mlo, mpaka mwaka uliofuata.

*

Uzio ulijengwa. Kwa kuwa chanzo cha Taifa lazima kiwe safi, mabua yalifagiliwa yakachomwa moto. Kwa kuwa jiwe la msingi linahitaji mahali tambarare, matuta yalisawazishwa. Mvua ya msimu uliofuata ilikuja kwa kishindo, ikakuta kilima kimenyolewa, ikakimbia juu yake ikaangukia handakini na kutokea barabarani, na wiki tatu baadaye Tadeo alifumba ngumi mbele ya jiwe la msingi akafumbua vumbi. Aliliandika hivyo kitabuni, neno lenyewe, mahali pa namba. Wizara ilimjibu kwa barua ya heshima. Kitabu kipya kilikuwa kimetumwa, chenye thelathini na moja iliyokwisha kuchapwa katika kila ukurasa ili asijisumbue, na yeye atie sahihi tu.

Alikitia kitabu hicho ndani ya pampu, mahali pasipo na hatari ya kulowana, akapanda upande wa pili wa kilima.

Huko, kwenye mawe ambayo hakuna aliyeyataka, Bi Nyamizi alikuwa amekwisha kulima na kufunga matuta, na mtama ulikuwa unafika magotini. Chini ya mteremko kulikuwa na nyumba ya wageni ya Wizara. Bustani yake, iliyokuwa kavu tangu ijengwe, ilikuwa imeanza kuchanua maua, na katikati ya maua hayo alisimama mtu mwenye viatu vyeupe, ametazama juu kilimani, akihesabu kitu kwa vidole.

"Umemwona?" Bi Nyamizi aliuliza.

"Nimemwona, mama."

Akampa mzigo wa mabua. "Haya, tandika. Na safari hii usingoje mpaka wachimbe."

Tadeo aliutua mzigo chini, akaanza kuteremka kwenda kumwambia maji ya maua yale yanatoka wapi.